Kengele ya Mia na Tano

Niliinunua Pasiansi kwa mjukuu wa Jivraj,
kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma:
Corolla Levin ya themanini na tano,
milango miwili, ubavuni maandishi yaliyobabuka
yakitangaza kamshafti mbili, valvu kumi na sita,
kama mtu anayetaja ukoo wake kabla hajaulizwa.
"Mwalimu, utaifanyia nini?"
Nikasema: kwanza nitawahamisha kuku.

Vijana saba na kamba waliisukuma hadi Mabatini,
hadi pale mawe yanapowaachia watu nafasi ya kujenga.
Mama akaizunguka mara moja.
"Hili ni gari au deni?"
Kesho yake akaanika dagaa juu ya boneti.

Mimi nafundisha fizikia. Nilidhani naujua moto:
mgandamizo, cheche, mlipuko, msukumo,
chaki mkononi, watoto wananakili.
Lakini bolti ya kumi ya silinda hedi
haijasoma kitabu chochote.
Siku tatu niliibembeleza kwa mafuta ya taa,
siku ya nne nikaitukana kwa Kisukuma,
siku ya tano ikakatika.

Kutu ni mpangaji asiyelipa wala kuhama.
Unamfukuza kwenye fenda,
unamkuta chini ya zulia amelala na familia yake.
Hedi ilikuwa imepinda kwa joto la zamani;
nikaibeba kwa bodaboda hadi Nyakato ikachongwe,
nimeipakata kama mtoto mwenye degedege.
Gasketi ya kwanza ilitoka Dar, haikuwa yenyewe.
Ya pili ilikuwa yenyewe,
na mshahara wa Machi ukaenda nayo.

Oktoba nilipiga rangi nyeupe.
Jioni wadudu wa ziwani wakapanda kutoka majini
kama moshi usio na moto,
wakatua wote kwenye boneti mbichi.
Nikapiga msasa upya. Mmoja nilimwacha
karibu na taa ya kushoto, chini ya vanishi,
mabawa wazi. Japani hawakumweka huyo.

Aprili mvua ikakichimba kilima.
Usiku jiwe likashuka, kubwa kama choo cha shule,
likakaa katikati ya njia pekee ya gari.
Halikuua mtu. Majirani walimshukuru Mungu;
nami nilishukuru, nikichelewa kidogo.

Juni injini iliwaka. Ilikohoa, ikatema masizi,
kisha ikashika sauti moja nyembamba, kali,
na watoto wa Mabatini nzima wakaja kuitazama
ikiunguruma mahali pamoja, kama mbuzi wa kamba.

Nyanzobe, mponda kokoto, alikuja na magogo.
Alilikokea jiwe moto kutwa nzima,
akalimwagia maji, likalia, likapasuka.
Kinachopata joto hutanuka:
miaka tisa nimeiandika ubaoni.
Yeye hakuwahi kuiandika. Alichukua elfu sitini
na kokoto zote.

Alfajiri ya Jumapili tukatoka, mimi mbele,
Mama nyuma, mahali pa kuku.
Magari ya enzi ile yana kengele:
ukivuka mia na tano, inagonga kukuonya.
Mjukuu wa Jivraj alisema ilishakufa.
Baada ya Usagara barabara ikanyooka.
Tisini. Mia. Harufu ya oili, ndiyo,
kuna mahali bado inavuja, nitapatafuta.
Mia na tatu. Mama amesinzia.
Mia na sita,
na kutoka ndani ya dashibodi, taratibu, safi:
ting, ting, ting.

Mama, aliyefanya kazi za ndani Capri Point
miaka kumi na minane,
akashtuka usingizini, akaushika mlango.
"Nakuja, bibi! Nakuja!"

Nikaondoa mguu.
"Kaa, Mama," nikasema.
"Kaa. Ni gari tu."